Zamu ya Jumatano

Kitu cha kwanza alichokitazama kila alipoamka kilikuwa kucha. Zikiwa zimekatwa vizuri, alijua mwenzake amekuwa na wiki njema. Jumatano hii zilikuwa zimetafunwa mpaka nyama, na kidole gumba kimefungwa plasta. Akakaa kitandani akivitazama vidole vile kumi, ambavyo vilikuwa vyake kwa saa mbili kila wiki, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, na vya Subilaga Mwaisaka kwa saa zote zilizobaki.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Katika milima ile mchana ndio wakati wa mvua, na yeye hakuwa na wakati mwingine, kwa hiyo kwa ushahidi wa macho yake mwenyewe dunia haikuwahi kukauka. Asubuhi hakuijua. Usiku aliusoma tu kwenye daftari, pale Subilaga alipoandika kwamba amelala vibaya.

Daftari lenyewe lilifungwa kwa kamba kwenye chuma cha kitanda. Kila chumba kilikuwa na lake, na humo watu waliogawana mwili mmoja waliachiana habari za nyumba yao. "Nimesuka nywele, tafadhali usizifumue." "Mafuta ya kupaka yamekwisha, nani anapaka mengi hivi?" Hilo la mafuta lilimchekesha hadi leo, maana walikuwa na ngozi moja. Kitu kimoja tu kilikatazwa kuandikwa, nacho ni tukio lenyewe, lile lililowapasua. Daktari alilisoma daftari kila jioni, na aliyekiuka alinyang'anywa kalamu kwa mwezi mzima.

Wiki hii Subilaga alikuwa ameandika mistari miwili. "Nimemwambia daktari ndiyo. Sijui wewe ni nani, ila nimechoka kuishi na mtu nisiyemjua, na chochote ulicho nacho nakitaka."

Akayasoma maneno ya mwisho mara tatu. Hofu ikamshika.

Hospitali ile ilikuwa na jina refu la kiserikali, lakini watu wa mji wa chini waliiita Kwa Wengi, na jina hilo ndilo lililodumu. Wagonjwa wake walikuwa watu waliopatwa na jambo zito kuliko uwezo wa mtu mmoja kulibeba, akili zao zikaamua kugawa mzigo: mmoja abaki mbele aendelee kula na kusalimia watu, mwingine akae nyuma na lile jambo. Wa mbele aliitwa mwenye jina. Wa nyuma aliitwa mwenza. Chumba cha jirani alikuwamo mwalimu mstaafu mwenye wenza wanne, na mwaka wa kwanza jikoni waligombana miezi kumi na miwili kama sahani zihesabiwe kwa miili au kwa watu. Miili ilishinda. Mwenza wa tatu wa mwalimu hajalisamehe jambo hilo mpaka leo.

Zamani wenza walibadilishana bila kuarifiana. Mtu aliingia sokoni yeye akatoka mwingine, na kapu mkononi hajui kalijaza nani. Ndipo likaja taji. Lilikuwa utepe mwembamba wa madini uliovaliwa nyuma ya masikio, ukasoma mapigo ya ubongo, ukajua nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Saa ya zamu ikifika lilimlaza mmoja taratibu na kumwamsha mwingine. Hospitali ikapata ratiba, na ratiba ikaleta amani ya aina yake. Mwenye jina alipewa siku zake. Mwenza alipewa alichobakiziwa.

"Bi Jumatano," Nesi Ambakisye alimwita akiingia na chai. Jina hilo alilitunga yeye, mwaka ule wa kwanza, alipochoka kuandika "mwenza" kwenye fomu. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye matani na magoti mabovu, na kwa miaka tisa ndiye peke yake aliyemsalimia mwanamke huyu kwa jina. Leo hakutania. Alimwambia daktari yuko njiani, kisha akasimama dirishani akijifanya anapanga pazia.

Daktari Semboja alikuwa mwanamke mwembamba wa sauti ya chini. Alikaa kwenye kiti, akaeleza mambo ambayo Bi Jumatano alikwisha kuyasikia kupitia ukuta. Taji hilohilo, likiongezwa nguvu kidogo kidogo kwa siku ishirini na moja, lingeweza sasa kuondoa ukuta ulio kati ya wawili. Wangebaki mtu mmoja mwenye kumbukumbu zote. Lakini sheria ilidai kila aliyemo aseme ndiyo kwa sauti, huku taji likiwa limethibitisha kwamba ndiye yeye anayesema. Mwenza akisema hapana, suala linafungwa na haulizwi tena maishani.

"Anajua anachokiomba?" Bi Jumatano aliuliza.

Daktari akasema hakuna mwenye jina anayejua. Kumwambia mapema kulikwisha kujaribiwa, na watu wawili walipasuka upya vibaya kuliko mwanzo. Kumbukumbu itamjia polepole, akiwa ameshikwa mkono na wataalamu. Ndivyo walivyofanya kwa wagonjwa saba na wote wako nyumbani kwao.

Maelezo yalikuwa mazuri, na Daktari Semboja aliyaamini. Tatizo ni kwamba hakujua anazungumzia kumbukumbu gani. Faili lake lilisema mgonjwa alishuhudia vifo. Bi Jumatano hakuwahi kulisahihisha.

Miaka tisa iliyopita Subilaga alikuwa mlinda lango kwenye kituo cha umeme wa mvuke, juu kabisa ya mlima. Handaki la kituo lilishuka ardhini nusu kilomita kuufuata mvuke, na mdomoni mwake palikuwa na lango la chuma lenye kioo kinene na mkono wa kulifungia. Kanuni ya kazi ilikuwa moja tu: bomba likipasuka, lango lifungwe kabla ya kumaliza kuhesabu arobaini, awe amebaki nani ndani. Nje ya lango walikuwapo wafanyakazi mia mbili. Siku bomba lilipopasuka, ndani walikuwamo mafundi sita. Mmoja alikuwa Andwele, mdogo wake Subilaga, mwenye siku kumi na moja tangu aanze kazi aliyotafutiwa na dada yake.

Subilaga alipozinduka wodini alisema lango lilijifunga lenyewe. Hakudanganya, ndivyo alivyojua. Tume ya uchunguzi ikaandika hivyohivyo, maana hapakuwa na mwingine wa kuulizwa. Aliyeushika mkono wa lango alikuwa amekwisha kurudi nyuma, akaenda nacho kile alichokiona kwenye kioo. Alihesabu mpaka thelathini na tisa. Andwele alikuwa anakimbia. Alikuwa amebakiza hatua kama ishirini.

Subilaga alikwenda mazishini, akalia, akashikwa mabega. Bi Jumatano hakwenda popote. Tangu siku ile hakuna mtu aliyemwambia pole, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba naye amefiwa.

Sasa wangeunganishwa, na Subilaga angeamka siku moja akute mkono wa lango umo kiganjani mwake. Alikuwa amekubali kupokea mzigo bila kuambiwa ni mzigo gani. Je, ile ilikuwa ridhaa? Na kama Bi Jumatano angesema hapana, ilikuwa huruma, au ni woga tu wa kugundulika?

Sheria ilimpa mwenza ombi moja kabla ya kujibu. Wengi waliomba vitu vidogo, wali wa nazi, redio, matembezi ya bustanini. Yeye akaomba kumwona mama.

Wageni walikuwa wa mwenye jina, na mama alikuja kila Jumapili. Mwenza kupata mgeni halikuwa jambo lililowahi kutokea. Ambakisye akageuka kutoka dirishani, akasema kwa upole kwamba fomu haikatazi.

*

Wiki nzima ikapita, yaani kwa upande wake alifumba macho na kuyafumbua. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

Bi Tupokigwe alikuwa amelowa mabega. Mikononi alishika hotipoti iliyofungwa kwa kitenge, na alimtazama mtoto wake namna mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na barua. Walikuwa wamemweleza. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo Bi Jumatano ndiye aliyeanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu. Hakuongeza mwanangu.

Akakaa, akaiweka hotipoti mapajani asiifungue. Uso wake ulikuwa umezeeka sana. Bi Jumatano alimwona mara ya mwisho asubuhi ya siku ya lango, akifunga vitumbua kwenye gazeti kwa ajili ya watoto wake wawili, na sasa kila mkunjo wa uso ule ulikuwa mpya kwake. Alitaka kuushika. Akakalia mikono yake.

Akamweleza. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, lakini jambo lenyewe likaisha kwa dakika chache, kengele, hesabu, mkono wa lango, kioo. Mama hakulia wala hakumkatiza. Mvua ilipiga bati.

"Alikuona?" mama akauliza hatimaye.

"Aliniona."

"Alisema kitu?"

"Kioo kilikuwa kinene, mama. Sikusikia."

Mama akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama vile anayepokea hesabu aliyoijua siku nyingi kwamba haijakaa sawa. Halafu akauliza kama Subilaga anajua. Alipoambiwa hajui, akasogea mbele ya kiti.

"Basi asijue," akasema. "Nimemzika mmoja. Huyu akijua nitamzika wa pili, namfahamu, mimi ndiye niliyemzaa. Wewe umeweza kukaa nalo miaka tisa. Kaa nalo. Waambie hapana."

"Sitakuacha peke yako," mama akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa inabembeleza. "Nitakuja kila Jumatano. Nitakupikia. Tutakaa hivi, mimi na wewe, tutaongea habari za Andwele. Utakuwa na mtu."

Mtu asiyewahi kuwa mpweke kweli anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Bi Jumatano alilitaka kuliko alivyowahi kutaka chochote. Aliziona Jumatano zile mbele yake, mama kwenye kile kiti, hotipoti imefunguliwa, jina la Andwele linatajwa kwa sauti na mtu mwingine zaidi yake. Angelipia nini? Neno moja tu, hapana, na neno lenyewe alikuwa nalo tayari mdomoni. Mwenye kudanganywa angekuwa Subilaga, ambaye wala asingejua kwamba amedanganywa.

"Na mimi, mama?" akauliza. "Mimi nilizaliwa na nani?"

Mama akaanza kukikaza kitenge kwenye hotipoti, akikaza fundo ambalo halikuwa limelegea, na macho yake yakaenda dirishani, yakarudi sakafuni. Akasema atakuja Jumatano. Akatoka bila kuaga, na Ambakisye akamsindikiza na mwavuli hadi getini.

*

Saa kumi kasorobo Daktari Semboja akaja na kinasa sauti. Akauliza swali kama sheria ilivyoliandika: je, wewe uliyemo, unaridhia?

Bi Jumatano akaomba wiki moja. Daktari akasema anaweza kumpa hiyo na si zaidi, kwa kuwa chumba cha kuunganishia kilikuwa na foleni. Hakuwa mkali. Alionekana mtu aliyechoka kuwasubiri watu waamue kuhusu kutokuwapo kwao.

Zikabaki dakika kumi. Bi Jumatano akaichukua kalamu ya daftari, akaomba kwenda msalani, akajifungia.

Alikuwa ameliwaza tangu mama alipotoka. Daftarini daktari angesoma. Karatasi yoyote wangeiona wafagiaji. Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo wawili wao tu ndio waliokuwa na haki ya kupatazama. Akalipandisha gauni la hospitali, akakaa juu ya ukingo wa beseni, akaandika kwenye paja la kushoto. Aliandika kwa herufi ndogo, maana paja si ukurasa, na wino ulikuwa unakwama kwenye ngozi.

"Lango nililifunga mimi, kwa mkono huu. Halikujifunga. Nilihesabu mpaka thelathini na tisa. Andwele alikuwa anakuja na aliniona. Ukisema ndiyo tena, hicho ndicho utakachopokea. Ukiona kinakuzidi, oga, futa, nami nitawaambia hapana, na nitabaki nacho. Sitakulaumu."

Alijua amevunja kanuni ambayo watu wawili waliilipia. Alijua pia kwamba mtu akishasoma hawezi kurudi kuwa hajasoma, na kwamba ile ofa ya sabuni ilikuwa ya kujipa moyo tu. Lakini Subilaga alikuwa ameandika kwamba anakitaka, na mtu anayekitaka kitu ana haki ya kukiona kabla ya kukipokea. Huo ndio uamuzi aliofikia. Kama ulikuwa sahihi, hakuwa na wa kumuuliza.

Akaosha uso, akarudi kitandani, akalala chali kungoja taji limlaze. Aliogopa sana. Alimwogopa Subilaga, aliyekuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, na ambaye hawakuwahi kuonana naye.

*

Alipofumbua macho alidhani amekufa, kwa sababu mvua haikuwapo.

Mwanga ulikuwa unaingia kutoka upande asioujua, wa manjano, ukilala juu ya blanketi. Nje ndege walikuwa wanapiga kelele. Ukutani saa ilionyesha saa nne, na hata hapo ilimchukua muda kuelewa kwamba ni saa nne asubuhi. Ambakisye alikuwa ameketi mlangoni, amevaa shati la kanisani.

Akamweleza ni Jumapili. Mwenye jina alijaza fomu jana ya kuachia zamu yake, kitu ambacho hakuna mwenye jina aliyewahi kukifanya Kwa Wengi, na hakutaja sababu. Alikuwa hajala vizuri tangu Alhamisi. Hakumwambia daktari kitu, naye Ambakisye hakuuliza. Akainuka kwa magoti yake mabovu, akatoka, akavuta mlango.

Bi Jumatano akalifunua blanketi.

Maneno yake yalikuwapo, paja la kushoto. Siku nne na maji ya kuoga ya siku nne yangetosha kuyafuta, lakini yalikuwa meusi kuliko alivyoyaacha. Herufi moja moja zilikuwa zimepitiwa tena juu kwa kalamu, na tena, mpaka ngozi imekwaruzika. Kila baada ya kuoga Subilaga alikuwa ameketi akaandika upya, kwa mkono uleule, kwamba lango alilifunga yeye.

Paja la kulia liliandikwa hivi: "Nimesoma. Nimeongea naye kichwani usiku kucha, Andwele. Daktari akiniuliza tena sijui nitasema nini. Leo mama anakuja na siwezi kumtazama. Nenda wewe."

Akakaa akilia, akiwa ameyafunika maandishi yote mawili kwa viganja. Kwa miaka tisa alidhani kulibeba jambo lile peke yake ndiyo adhabu. Sasa alijua kuna mtu mwingine analibeba, naye anajificha humuhumu ndani, na hakuwa na namna ya kumfikia amshike mabega.

Mama akaingia saa nne na nusu, amevaa kitenge cha kanisani, hotipoti mkononi. Alikuwa na tabasamu la Jumapili, lile ambalo Bi Jumatano hakuwahi kupewa.

"Shikamoo, mama."

Tabasamu likaondoka. Hata taji lisingemtambua upesi hivyo. Mama akasimama katikati ya chumba, akayatazama macho yaliyovimba, akaelewa.

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Nilikuomba."

"Uliniomba, mama."

Kengele za kanisa la mji wa chini zilikuwa zinalia. Mama akasubiri mpaka zimalize. Ndipo akauliza, "Yuko wapi?"

"Yuko nyuma. Hawezi kukutazama. Anakuogopa."

"Mimi?" Bi Tupokigwe akasema. "Ananiogopa mimi?"

Akakaa pembeni ya kitanda, karibu kabisa, mpaka mabega yao yakagusana. Hakumkumbatia. Alikaa tu akipumua, mwanamke aliyezaa watoto wawili na aliyekuwa sasa anajaribu kuhesabu upya. Halafu akafungua fundo la kitenge, akafungua na hotipoti. Mvuke wa ndizi za maziwa ukapanda.

"Mwambie atoke," akasema. "Chakula kinapoa."

"Hatuwezi kutoka wote, mama. Akija yeye, mimi ninaondoka."

Mama akalifikiria hilo. Akachukua sahani moja iliyokuwapo, akaijaza, akachomeka kijiko, akaiweka mikononi mwa Bi Jumatano na kumfunga vidole juu yake.

"Basi anza wewe kula, mwanangu," akasema. "Mwenzako nitamsubiri."